Sauti ya Mwanaesha Imo Mkebeni

Mwanaesha hakuwa na sauti. Sauti yake ilikuwa kwenye waya mwembamba kama unywele, uliozungushwa kwenye kigurudumu cha bati, ndani ya mkebe wa biskuti, juu ya kabati la babake, na babake alikuwa angali anaitumia. Hali ilikuwa hiyo siku ya Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, wakati watu walipopanda ngazi za nyumba yao ya Kibokoni kwenda kumwuliza kama amekubali kuolewa.

Babake alikuwa Kamaludin, fundi wa redio. Wakati wa vita alifanya kazi stoo ya jeshi la majini huko Kilindini, akitengeneza redio za manowari, na vita vilipokwisha afisa mmoja aliyekuwa akifunga virago alimwachia mashine ya kunasa sauti kwa waya. Afisa alisema imekufa. Kamaludin aliifungua mbele ya bintiye, akaisugua kutu kwa mafuta ya taa, akabadilisha vali mbili, akatia lehemu mahali patatu, ikafanya kazi. Ila ilifanya kazi kwa namna yake. Mashine nyingine za aina ile hunakili sauti. Hii iliichukua.

Mwanaesha alikuwa na miaka kumi na minne ilipochukua sauti ya kinu. Mamake, Mahfudha, alikuwa jikoni akitwanga bizari. Kamaludin aliiweka mashine kizingitini, akamwambia mkewe, kama mtu anavyosema akiokota kiberiti cha mwenzake, "Nihalalishie, mama." Mahfudha akajibu, "Halali yako," bila kuuliza ni nini. Mashine ilizunguka. Ilipozimwa, mchi ulikuwa ukipanda na kushuka kimya, kama unatwanga pamba. Mahfudha aliendelea mpaka bizari ikalainika.

"Kinu kimekwisha sauti," alisema.

"Iko huku," Kamaludin alisema, akaonyesha waya.

"Basi kaa nayo. Kichwa changu kitapumua."

Baada ya wiki mbili Kamaludin aliisahau sumaku ya spika juu ya waya ule, waya ukafutika, na kinu kikapata sauti yake jikoni Mahfudha angali anatwanga. Mahfudha aliita tu ghorofani kusema kwamba kichwa kimeanza tena. Hivyo ndivyo Mwanaesha alivyojua kwamba kinachochukuliwa na waya hurejeshwa na sumaku. Hakuna aliyemficha. Hakuna aliyedhani ni jambo la kuficha.

Toka hapo Kamaludin hakutengeneza redio za watu ila kwa shida. Alikaa ghorofani na mkasi. Alikata waya vipande, akavifunga fundo kama mshonaji anavyounga uzi. Alizungusha polepole, akazungusha kinyume. Alijenga pia kisanduku cha vali nne kilichotoa mlio ambao haukutoka kwenye kitu chochote duniani, wala ngozi, wala uzi, wala pumzi ya mtu. Alichanganya mlio huo na pete ya mlango, na kapi ya kisima, na mbuzi wa jirani, akapata kitu ambacho hakikuwa wimbo wala ngoma, na ambacho mtu akikisikia husimama. Majirani walisema Kamaludin awapikia majini. Waliyasema hayo wamesimama chini ya dirisha lake, wakisikiliza mpaka mwisho.

Aliyelitoa jina lake nje ya mji ni Crispus Musyoka, karani wa Kikamba kwenye afisi ya matangazo ya redio. Alileta redio ya mkewe kutengenezwa, akakaa juu ya ngazi saa nzima na kofia mkononi.

"Fundi, hii umeipata wapi?"

"Nimeitengeneza."

"Sisi kule tukitaka mvua tunatikisa mbaazi kwenye ungo."

"Ndiyo maana mvua yenu yasikika kama mbaazi," Kamaludin alisema.

Baada ya mwezi, mvua ya redioni ilikuwa mvua. Paa moja la Mkanyageni lilinyeshewa masika yote bila kutoa sauti, na mwenyewe alisema amelala vizuri. Kamaludin alitoa nyayo, milango, vita, magari, soko la samaki likigombana. Kila Jumamosi, mwisho wa mchezo wa redio, jina lake lilisomwa: sauti zimetengenezwa na Kamaludin wa Mombasa. Alinunua kofia mpya ya kiua na kuivaa Jumamosi hizo, akikaa peke yake mbele ya redio.

Lakini mashine ilikuwa na sharti. Sauti iliyoibwa haikuingia kwenye waya; ilitoka mchakacho mtupu. Iliingia ile tu ambayo mwenyewe ameihalalisha kwa mdomo wake. Kwa mtu wa kwingine sharti hilo lingekuwa kikwazo. Kwa Kibokoni halikuwa kitu. Watu wa pale hawawezi kunyima kitu kidogo. Ukisifu kanzu ya mtu atakwambia ni yako, na ukimwomba akuhalalishie hujibu kwanza halafu ndipo huuliza.

Taib muuza kahawa alijibu hivyo. Alikuwa akipita vichochoroni na dele la shaba, akigonganisha vikombe viwili mkononi, na watu walijua saa kwa mlio ule. "Halali yako, Bwana Kamaludin," alisema, na kuanzia siku ile vikombe vyake viligongana kama vidole vya mtoto aliyelala. Akipita, watu hawakumsikia. Walitoka nje akisha kwenda, wakasema Taib siku hizi amekuwa mvivu.

Siku ya kumi alibisha hodi. Mwanaesha ndiye aliyemfungulia, naye alisimama pale pale akasikia yote.

"Nirejeshee milio yangu, Bwana Kamaludin. Kahawa yalala."

"Si umenihalalishia?"

"Nimehalalisha, sikatai. Nakuomba tu."

"Iko kazini. Imo kwenye mchezo wa Jumamosi, watu wa Nairobi waingoja."

"Hao wa Nairobi wanywa kahawa yangu?"

"Hawanywi," Kamaludin alisema, akamkaribisha chai.

Taib alikunywa chai, akashukuru. Mwaka haukwisha akawa anabeba magunia Shimanzi, na kila akikutana na Kamaludin alimwamkia kwa heshima zote, maana kilichohalalishwa kimehalalishwa.

Mwanaesha alipofika miaka kumi na saba alikuwa na mdomo. Hakuwa mtovu wa adabu. Alisema tu lililo moyoni kwa sauti iliyofika mwisho wa kichochoro. Katika maulidi ya wanawake yeye ndiye aliyepewa kuanza, kwa kuwa akianza yeye wengine hunyamaza hata wenye kupiga soga. Kusoma alifundishwa, msahafu wote. Kuandika hakufundishwa. Wazee waliona msichana ajuaye kuandika ataandikia wanaume barua.

Mwaka huo Jaffar alimtaka. Jaffar alikuwa na duka la redio Bondeni, mtu wa miaka hamsini na mbili, amezika wake wawili, na ndiye peke yake Mombasa nzima aliyeweza kuagiza waya mpya kutoka ng'ambo. Waya wa Kamaludin ulikuwa umejaa mafundo. Jaffar alipokuja kuposa alileta halua, ubani, na sanduku la vigurudumu ishirini na vinne ambavyo havijaguswa. Kamaludin alifungua sanduku kabla ya halua.

Jioni ile alimwita bintiye, akamweleza.

"Sitaki," Mwanaesha alisema. "Yule mtu ana miaka kukushinda wewe. Wake zake wote wamekwenda kupumzika makaburini. Sitaki, baba."

Kamaludin aliinua kichwa. Hakukasirika. Alikuwa ameinamisha sikio kama anavyofanya akijaribu spika.

"Sema tena," alisema.

"Sitaki."

"Tena."

Alikuwa ameisikia ile *si* ilivyopita kama kisu kwenye hariri, na *ta* ilivyogonga, na *ki* ilivyobaki hewani baada ya mdomo kufungwa. Kwa miaka mitatu alikuwa akitafuta mlio wa namna hiyo kwenye bati na chuma, nao ulikuwa nyumbani mwake ukila wali wake. Alimwomba amhalalishie.

Mwanaesha alijua mashine inafanya nini. Alimwona Taib akinywa ile chai. Lakini aliyeomba alikuwa baba, na binti kumnyima babake ni jambo linalogusa radhi, na radhi ikishaguswa mtu hajui itamfuata mpaka wapi. Alifikiri, akatafuta njia ya katikati.

"Nitapata lini kuirejesha?"

"Kazi ikimalizika."

"Siku ya kuulizwa niwe nayo. Hilo tu. Siku ya Maalim kuja kuniuliza kama nimeridhia, niwe na sauti yangu."

"Inshallah," Kamaludin alisema.

"Basi halali yako, baba."

Alikaa mbele ya maikrofoni asubuhi moja nzima. Babake alimwambia aseme lolote alipendalo, naye alisema neno lile lile. Kamaludin alihesabu kwa chaki ukutani. Mara mia tatu na kumi na mbili. Kila alivyosema, sauti ilipungua kama maji kwenye mtungi, na ile ya mwisho ilikuwa pumzi tu. Kamaludin alishukuru, akaandika tarehe kwenye mkebe. Mamake alipomwita kula, Mwanaesha alifungua kinywa kuitika, akakifunga.

Siku zikapita. Arusi iliwekwa Alhamisi. Matangazo yaliwekwa Jumamosi: Crispus alikuwa amewaambia wakubwa wake, na wakubwa walikuwa wametenga dakika saba za Kamaludin peke yake, bila mchezo, bila msimulizi. Haijapata kutokea. Jumatano Mwanaesha alipanda ghorofani, akaonyesha mkebe kwa kidole, akajionyesha koo.

"Jumamosi," babake alisema bila kugeuka.

Mwanaesha aliigonga meza. Aliinua kidole kimoja, kisha akaonyesha sakafu: kesho, hapa.

"Nimeelewa. Mimi nimesema Jumamosi."

Akaichukua sumaku. Ilikuwa pale karibu na bisibisi, nzito kama jiwe la mizani. Aliunyoosha mkono kwenye mkebe, na ilibaki kama shubiri moja, babake alipomshika kifundo cha mkono. Hakumpiga. Alimfungua vidole kimoja kimoja, akaitia sumaku mfukoni, akarudi kwenye mkasi. Baada ya hapo sumaku ilikaa mfukoni mwake usiku na mchana, na funguo zake zikaigandia kiunoni.

Mahfudha alijaribu siku ile ile, wakati wa chakula cha mchana.

"Mrejeshee mtoto sauti yake. Kesho akiulizwa atajibu nini?"

"Mwari hajibu. Wewe ulijibu?"

"Mimi nilinyamaza kwa kuwa nilikutaka."

"Basi," Kamaludin alisema, akiumega mkate, "nani angejua tofauti?"

Mahfudha aliondoa sahani. Hakuzungumza naye tena siku ile, na Kamaludin hakutambua.

Alhamisi walikuja. Maalim Sheikhan, mwalimu wa madrasa ya mtaa, alisimama nje ya pazia na mashahidi wawili. Kamaludin alikuwa amempa uwakala, kwa sababu mwenyewe alikuwa na kazi ghorofani. Ndani ya pazia Mwanaesha aliketi kitandani amefunikwa kitambaa cha kijani, amepakwa hina mpaka viwikoni, na somo yake, mama mtu mzima aliyewekwa kumfunza mambo ya unyumba, amemkumbatia mabega. Chumba kilijaa wanawake na udi.

Maalim aliuliza mara ya kwanza. Je, Mwanaesha binti Kamaludin, umeridhia kuozwa kwa Jaffar kwa mahari yaliyotajwa?

Mwanaesha alitikisa kichwa kwa nguvu. Kitambaa kilitikisika. "Ana haya, masikini," alisema mmoja wa wanawake.

Maalim aliuliza mara ya pili. Mwanaesha alipiga miguu sakafuni na kujaribu kusimama, somo akamkalisha. "Hivyo hivyo," somo alimnong'oneza. "Mwari asiyevutana huonekana ana hamu."

Aliuliza mara ya tatu. Mwanaesha alikuwa akilia, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, na hapakutoka kitu. Wanawake walitazamana kwa kuridhika. "Mabinti wa siku hizi walia kwa makelele kama wauzwa," alisema bibi mmoja wa Kuze. "Huyu amelelewa."

Yote ambayo msichana angeweza kufanya kukataa, ndiyo yale yale afanyayo mwari mwenye adabu. Mwanaesha aliligundua hilo chini ya kitambaa, akaacha kutikisa kichwa.

"Kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake," alisema Maalim.

Hapo Mahfudha alisema kutoka pembeni, "Maalim, mwanangu hakunyamaza. Hana sauti. Sauti yake imo mkebeni, juu ya kabati la babake."

Maalim alikuwa mtu wa haki, akalifikiri jambo.

"Aliihalalisha?"

"Aliihalalisha."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, lakini kwa sharti."

"Babake alikubali sharti?"

"Alisema inshallah."

"Hilo si sharti, mama, hiyo ni dua," alisema Maalim. "Basi sauti ni mali ya babake. Na babake ndiye walii wa kumwoza, naye hajapinga."

Wakati huo Kamaludin, ghorofani, alikuwa amefika mwisho wa kazi yake. Aliwasha spika kubwa asikilize yote pamoja. Ikashuka kupitia mihimili ya boriti sauti ndefu, iliyovutwa mpaka neno likawa kama upepo kwenye shingo ya chupa, halafu kama kengele zilizozama, mia tatu na kumi na mbili, moja juu ya nyingine. Mwanaesha aliitambua. Aliinua kidole kuelekea dari, hina ikiwa bado mbichi.

"Hiyo redio," alisema Maalim, "mwambieni aipunguze." Akashuka na mashahidi kwenda kufungisha ndoa.

Jumamosi Mwanaesha alikuwa Bondeni, kwenye kiti cha kamba, mbele ya redio kubwa kuliko zote za mtaa. Jaffar alikaa karibu naye. Kwa dakika saba nchi nzima ilimsikia akikataa, kutoka Mombasa mpaka Kisumu, na hapana hata mmoja aliyesikia neno. Kwenye vilabu, kwenye kambi za reli, kwenye nyumba za Wazungu, watu waliacha walilokuwa wakifanya. Barua zilikuja. Mwalimu mmoja wa Nyeri aliandika kwamba alihisi kama anasamehewa.

"Babako ni fundi," Jaffar alisema. "Kengele ngapi zile?"

Mwanaesha alimtazama.

Jumatatu alivaa buibui akaenda Kibokoni kuchukua sauti yake. Crispus Musyoka alikuwa amemtangulia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na kofia mkononi, anatabasamu. Wakubwa wameipenda. Wataifanya iwe mwanzo wa kipindi, kila Jumamosi, bila kikomo.

"Mzee, niwaambie ni mlio wa nini?" Crispus aliuliza.

"Ni binti yangu. Huyu hapa."

Crispus alisimama, akamwamkia. "Hongera, dada. Na hapa ulikuwa ukisema nini?"

"Neno moja tu," Kamaludin alijibu kwa niaba yake, akauweka mkebe kwenye mikono ya Crispus. Halafu alimgeukia bintiye. Alisema atazame mwenyewe: waya si wake tena, ni wa afisi, na waya wa kutangazwa kila wiki haufutwi. Crispus akaaga, akashuka na mkebe. Ndipo Kamaludin alimpa bintiye sumaku kutoka mfukoni, kwa kuwa hakuwa na haja nayo tena. Mwanaesha aliishika. Hapakuwa na kitu cha kuigusisha. Alikaa kidogo kwa mamake jikoni, kisha akarudi kwa mumewe.

Jaffar hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Alimlisha, hakumpiga, na aliwaambia wenziwe dukani kwamba wa tatu ndiye aliyetulia. Mwaka wa pili Mwanaesha akashika mimba. Dada yake Jaffar alihamia chini kumwangalia, na walikubaliana kwamba uchungu ukianza Mwanaesha aite tu, ataitiwa mkunga. Walikubaliana hivyo wote, kwa mazoea, na Mwanaesha alikuwepo walipokubaliana.

Uchungu ulianza siku ya Jumatatu saa tano za asubuhi. Aliita. Aliita tena, akashuka kitandani, akashindwa kuufikia mlango. Alipiga sakafu kwa kiatu cha mti. Chini, wafanyakazi wa dukani walikuwa wakipigilia misumari masanduku ya redio za kupelekwa bara, na dada yake Jaffar alifikiri kiatu ni nyundo. Alipanda saa kumi na robo na chai ya tangawizi. Aliona, akaiweka chai dirishani, akatafuta shuka.

Kamaludin alikuja kwenye mazishi ya mtoto amevaa kofia ya kiua, akapewa mkono wa pole na watu wengi, baadhi yao kwa sababu ya redio. Mwanaesha alikuwa juu na wanawake. Walisema wao hawajaona mfiwa mwenye subira kama yule.

Kipindi kiliendelea miaka miwili na miezi mitano, mpaka afisi ilipopata mashine mpya za utepe na kutupa waya wa zamani pamoja na mikebe yake, bila kuugusisha sumaku. Gharama ilikuwa hii. Dakika saba, kila Jumamosi, mara mia moja na ishirini na sita. Saa tano na robo za uchungu. Mtoto mmoja wa kiume, ratili sita, kitovu kimemzonga shingoni, aliyezikwa bila jina. Na mkunga mmoja, nyumba ya tatu kutoka pale, aliyekaa mlangoni mwake mchana kutwa siku ile akisuka ukili wa mkeka, akingoja kuitwa.